Mlango na Meza ya Mbele: Kwa Nini Duka la Gemu Limejaa na Bado Huoni cha Kucheza

Wachezaji gemu wa Mombasa wana malalamiko mawili wanayoyarudia, iwe ni kwenye vibanda vya PlayStation vya Majengo na Kisauni au kwa wale wenye kompyuta zao nyumbani. La kwanza: maduka ya gemu mtandaoni yamejaa takataka, na wenye duka wameacha kuchuja. La pili: hakuna gemu za maana, kwani kila ukifungua duka unaoneshwa zilezile, mpira, bunduki, magari na peremende za kupangwa tatu tatu. Mara nyingi ni mtu mmoja anayesema yote mawili, tena katika mazungumzo yaleyale.

Julai 2025 likazuka la tatu. Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, liliondoa baadhi ya gemu za watu wazima. Siku chache baadaye itch.io, duka linalopendwa na watengenezaji wadogo, likazificha kurasa zake zote za gemu za aina hiyo zisitokee mtu anapotafuta. Hapo maneno yakawa mengi. Kuna waliosema serikali ya Marekani imeingilia, kuna waliosema duka limeamua kuwa mlinzi wa maadili, na kuna waliosema basi wamalizie kazi, wafagie na takataka nyingine zote.

Ndani ya ubishi huu mna maswali kadhaa yaliyochanganywa, na kila moja lina jibu lake. Nitajaribu kuyatenganisha.

Tuelewane kwanza

Duka la gemu mtandaoni ni mahali unapopakua gemu bila kununua diski: Google Play kwa wenye simu za Android, App Store kwa wenye iPhone, Steam, GOG, Epic Games Store na itch.io kwa wenye kompyuta. Duka hukaa kati ya mtengenezaji na mchezaji. Hupokea malipo, hukata fungu lake, kisha humpa mtengenezaji kilichobaki. Steam hukata asilimia 30 kwa mauzo ya kawaida. Epic ilipofungua duka lake Desemba 2018 ilikuja na asilimia 12.

Wingi ni idadi ya gemu zilizomo. Anuwai ni jinsi gemu hizo zinavyotofautiana. Gemu 1,000 za kupiga risasi ni wingi tu, lakini gemu kumi ambazo moja ni ya mafumbo, moja ya hadithi, moja ya kujenga mji, moja ya kuimba, na kadhalika, hiyo ni anuwai. Uteuzi ni kazi ya kuchagua kipi kiingie na kipi kipewe nafasi ya kuonekana. Udhibiti ni kuzuia kitu kisiuzwe kwa sababu ya kilichomo ndani yake.

Sasa uteuzi wenyewe una sehemu mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Fikiria soko la Kongowea. Kuna uamuzi wa nani aruhusiwe kuingiza mzigo sokoni, na kuna uamuzi wa mzigo gani uwekwe kwenye meza ya mbele, pale mteja anapoingilia. Soko linaweza kumpokea kila mkulima, lakini kama meza zote za mbele zimepangwa nyanya, mteja mwenye haraka atarudi nyumbani akisema Kongowea siku hizi ni nyanya tu, na huku nyuma mna muhogo, mabungo na mchicha wa kila aina. Uamuzi wa kwanza nitauita mlango. Wa pili nitauita meza ya mbele.

Anayelalamika kwamba duka limejaa takataka hudhani tatizo ni mlango. Ukimuuliza maswali mawili matatu utagundua kinachomuudhi hasa ni meza.

Hofu ya takataka ilitoka wapi

Wanaotaka mlango ubanwe wana historia ya kuinukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, kampuni nyingi zilikimbilia kutengeneza gemu za mashine ya Atari bila mtu wa kuzikagua. Madukani zikarundikana gemu mbovu, wanunuzi wakakata tamaa, na mwaka 1983 biashara ikaanguka. Mauzo ya mwaka yaliyokuwa yamefikia takriban dola bilioni 3.2 yakashuka hadi takriban dola milioni 100 ilipofika 1985. Nintendo ilipoingia soko hilo mwaka huo wa 1985 ilikuja na masharti makali. Mashine yake ilikuwa na kifaa cha kielektroniki kinachokataa gemu isiyoidhinishwa, gemu zilizokubaliwa zilibandikwa muhuri, na kila kampuni iliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka.

Masharti yale yalisaidia kurudisha imani ya wanunuzi, na sitaki kuyadharau. Lakini tazama yaliyofuata. Konami, kampuni kubwa ya Japani, ilianzisha kampuni nyingine huko Marekani kwa jina la Ultra ili ipate nafasi nyingine tano. Mwenye mtaji alipata mlango wa pili. Mtu aliyekuwa akitengeneza gemu peke yake chumbani hakupata hata wa kwanza.

Isitoshe, mnunuzi wa 1983 alikuwa katika hali tofauti kabisa na yako. Alinunua kasha kwa kuangalia picha ya juu, akaenda nalo nyumbani, akagundua ni bovu, na ikawa ndiyo basi. Hakukuwa na maoni ya wanunuzi wengine, wala video ya mtu akiicheza gemu ile, wala njia rahisi ya kurudishiwa pesa. Gemu mbovu ilimgharimu pesa nyingi. Leo Steam inakurudishia pesa zako ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Utaratibu huo ulianza Juni 2015, na kwa maoni yangu umemlinda mchezaji kuliko muhuri wowote.

Mlango wa Steam ulivyofunguka

Steam ni mali ya Valve, kampuni ya Marekani, na ilianza mwaka 2003 kama njia ya kusasisha gemu za Valve yenyewe. Mwaka 2005 ikaanza kuuza za wengine. Kwa miaka kadhaa wafanyakazi wa Valve ndio waliochagua kwa mkono nini kiingie, na gemu zilizotoka kila mwaka zilikuwa mia chache tu. Wachezaji wengi huikumbuka enzi hiyo kwa hamu. Watengenezaji wadogo huikumbuka kama enzi ya kuandika barua pepe na kutojibiwa, au kukataliwa bila kuelezwa sababu.

Agosti 2012 Valve ikawakabidhi wachezaji kura. Mpango huo uliitwa Greenlight: mtengenezaji anaweka maelezo ya gemu yake, watu wanapiga kura, zenye kura nyingi zinaingia. Ulionekana wa haki, lakini kura zikageuka bidhaa. Wapo waliogawa nakala za bure kwa kila atakayewapigia kura. Juni 2017 mpango ukafungwa, ukaja utaratibu unaotumika hadi leo: unalipa dola 100 kwa kila gemu, na unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Kwa pesa zetu ni karibu shilingi 13,000.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2018, Valve ikatangaza kwamba itaruhusu kila kitu kiingie isipokuwa kilicho kinyume cha sheria au kilichotengenezwa kwa nia ya kuchokoza watu tu. Mlango ukawa wazi kwelikweli. Mwaka 2024 pekee zilitoka gemu zaidi ya 18,000.

Kuwa wazi si sawa na kukosa mlinzi. Kabla gemu haijauzwa, kuna mtu anayeiwasha kuona kama inafanya kazi, kama inafanana na maelezo yake, na kama haina kitu cha kudhuru kompyuta. Asichokifanya mtu huyo ni kuamua kama gemu ni tamu.

Takataka hufuata pesa

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami naliona ndilo kiini cha suala zima.

Mwaka 2013 Steam ilianzisha kadi za kidijitali za kukusanya. Ukicheza gemu, unapata kadi, na unaweza kuziuza kwa senti chache kwa mchezaji mwingine anayekamilisha seti yake. Senti chache hazimshughulishi mtu. Lakini walitokea watu wakaona njia: tengeneza gemu ya ovyo kwa siku moja, iingize dukani, gawa nakala za bure kwa maelfu ya akaunti zinazoendeshwa na programu badala ya binadamu, zile akaunti "zicheze" zikusanye kadi, kisha uza kadi zote. Gemu yenyewe haikuhitaji mnunuzi hata mmoja.

Mei 2017 Valve ilieleza mtindo huu hadharani na kubadili sheria. Tangu hapo gemu mpya haitoi kadi mpaka dalili zionyeshe kwamba kuna watu halisi wanaoinunua na kuicheza. Hawakuhitaji kubana mlango. Waliiondoa faida, na ule uchafu ukapoteza sababu ya kuwapo.

Linganisha na yaliyotokea upande wa simu. Februari 2014, kijana wa Vietnam aitwaye Dong Nguyen aliiondoa mwenyewe gemu yake ya Flappy Bird wakati ikiwa kileleni. Mara moja maduka ya simu yakafurika nakala: ndege wa rangi hii, samaki wa rangi ile, mabomba yaleyale. App Store, duka lenye wakaguzi binadamu tangu lilipofunguliwa 2008, nalo lilifurika. Apple na Google zilianza kuzikataa gemu mpya zenye neno "Flappy" katika jina, na watengenezaji wakabadilisha majina tu. Mlango wenye mlinzi haukuzuia kitu kwa sababu pesa ya matangazo yanayooneshwa ndani ya gemu hizo ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo mtu akisema takataka zipo kwa sababu hakuna anayekagua, muulize mbona duka lenye wakaguzi nalo lina nakala tele.

Je, kampuni tajiri haiwezi kuajiri watu wa kuchambua?

Inaweza. Tupige hesabu. Gemu 18,000 kwa mwaka ni kama 50 kwa siku. Kila moja ikichezwa saa tano, ni saa 250 za kazi kila siku, yaani watu thelathini na kitu wanaofanya kazi saa nane. Kwa kampuni yenye utajiri wa Valve huo si mzigo. Wanaojitetea kwamba gemu ni nyingi mno kukaguliwa hawasemi kweli yote.

Ugumu uko kwingine. Hao thelathini wanatoka wapi, wamekua wakicheza nini, na watajuaje thamani ya kitu wasichokizoea? Vampire Survivors ilipotoka mwishoni mwa 2021 ilikuwa na bei chini ya dola tatu, picha zake za kizamani zilitokana na vipande vilivyonunuliwa tayari, na mchezaji hakuwa na kazi kubwa zaidi ya kutembea huku na huku. Kwa kipimo cha macho ilifanana na gemu zinazoitwa takataka. Mwaka 2023 ikatwaa tuzo ya gemu bora ya BAFTA huko Uingereza, ikizishinda kazi za kampuni zenye mamia ya wafanyakazi. Among Us nayo ilitoka 2018 ikakaa karibu miaka miwili bila kuangaliwa, hadi 2020 dunia nzima ilipoanza kuicheza. Mkaguzi anayeondoa gemu zisizouzika angekuwa ameshaifuta.

Hata walio na nia njema hukosea. GOG, duka la Poland lililoanza 2008 na ambalo huchagua gemu zake kwa mkono, liliwahi kuikataa Opus Magnum, gemu ya mafumbo iliyokuwa ikisifiwa sana, kisha likabadili uamuzi baada ya wachezaji kulalamika. Opus Magnum ilipata watetezi kwa sababu mtengenezaji wake alikuwa tayari anajulikana. Mtu asiyejulikana angelalamikiwa na nani?

Nisemapo haya namfikiria kijana wa Bamburi au Mikindani anayejifunza kutengeneza gemu kwa laptopu ya mtumba. Tuseme gemu yake ni ya kuendesha matatu kutoka Mtwapa hadi mjini, au ya kuvuka Likoni, au ngano ya pwani aliyosimuliwa na bibi yake. Mkaguzi aliye Marekani hana njia ya kujua kwamba gemu hiyo ina watu wanaoisubiri. Tunao mfano wa Afrika: Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilichangisha pesa kwa watu mtandaoni, ikatengeneza Aurion kwa kutumia hadithi na mavazi ya Kiafrika, na mwaka 2016 ikaiuza kwenye Steam. Nafasi kama hizo hupatikana mlango unapokuwa mpana.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi. Mlango ubaki mpana, ukaguzi wa ulaghai uwe mkali, na lawama zetu tuzipeleke kwenye meza ya mbele.

Hata huo mlango mpana una vizingiti vyake, vya ada na masharti. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, lakini tangu mwishoni mwa 2023 mtu binafsi anayefungua akaunti mpya ya mtengenezaji lazima kwanza apate watu wa kujaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Walihitajika 20, baadaye wakapunguzwa kuwa 12. Nia ilikuwa kuwazuia walaghai. Mlaghai mwenye akaunti za bandia hupita, na kijana asiye na marafiki wenye simu za Android ndiye anayekwama. Mwenye kutaka kuisaidia kazi ya hapa nyumbani anaweza kuanzia hapo: ukiombwa na mtengenezaji unayemwamini uwe mmoja wa hao 12, kubali, na usiiondoe gemu kabla ya siku zake kutimia.

Nani hupanga meza

Meza ya mbele hupangwa na algoridhimu, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kuamua kila mtu aoneshwe nini. Hutazama ulichocheza, walichonunua watu wanaofanana nawe, na gemu gani inauzika wakati huo. Ukicheza mpira jioni zote, inaamini unataka mpira. Gemu iliyoanza kwa kishindo hupewa nafasi zaidi, na iliyoanza taratibu huzama. Hakuna chuki ndani yake, lakini matokeo ni kwamba anayeonekana huonekana zaidi.

Kuna tofauti kati ya maduka ambayo inafaa uijue. Steam haiuzi nafasi za matangazo ndani ya duka lake, kwa hiyo gemu ikikaa mbele ni kwa sababu ya mauzo, mvuto au uamuzi wa wafanyakazi. Google Play ilianza kuonesha matangazo ya kulipiwa kwenye matokeo ya utafutaji mwaka 2015, na App Store mwaka 2016. Kwenye simu, basi, kitu cha kwanza unachooneshwa ukitafuta "gemu ya mafumbo" huenda kimewekwa pale na mwenye pesa nyingi za matangazo. Wengi wetu hapa Mombasa tunacheza kwa simu. Ndiyo maana tunaona peremende zilezile.

Na meza ina upofu mwingine mkubwa kwetu. Haiulizi utaipata vipi hiyo gemu. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika nchi kavu hapahapa Mombasa mwaka 2009, na intaneti ya sehemu kubwa ya nchi hupitia pwani hii. Pamoja na hayo, mtu anayenunua bando kwa siku hawezi kupakua gemu ya gigabaiti 100, hata ikitolewa bure. Mwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki hawezi kuiendesha hata akiipakua. Bei za Steam kwa Kenya huandikwa kwa dola, na mtu asiye na kadi ya benki alikuwa na njia chache za kulipa hadi njia kama kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay ilipokuja 2022. Kwenye Google Play unaweza kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja.

Ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba anuwai ya kweli kwa mchezaji wa Kisauni haihesabiwi kwa aina za gemu peke yake. Ni gemu ndogo kwa ukubwa, inayocheza bila intaneti, kwenye simu ya kawaida, kwa bei na njia ya malipo anayoimudu, na ikiwezekana kwa Kiswahili. Gemu za namna hiyo zipo kwa maelfu, hasa kazi za watengenezaji wadogo. Ni nadra kuziona mbele. Ningetamani maduka yaweke kichujio cha ukubwa wa faili mahali pa wazi, kama yalivyoweka cha bei. Ni kazi ndogo kwao, na ingebadilisha mengi kwa Afrika nzima.

Yaliyotokea Julai 2025

Sasa turudi kwenye zile gemu zilizoondolewa. Haikuwa amri ya serikali, wala Steam haikubadili mawazo yake ya 2018 kwa hiari. Kundi la wanaharakati la Australia liitwalo Collective Shout lilipaza sauti dhidi ya gemu zenye ukatili wa kingono, na mwishowe likayaelekeza malalamiko yake kwa kampuni za malipo. Baada ya hapo Steam iliongeza sheria mpya: hairuhusiwi kuuza maudhui yanayokiuka masharti ya kampuni za malipo na benki. itch.io nayo ilieleza kwamba ilichukua hatua ya haraka ili isipoteze njia zake za kupokea pesa. Mastercard ilikanusha hadharani kwamba iliagiza gemu ziondolewe, na Valve ikajibu kwamba waliokuwa kati, wale wanaopitisha malipo, ndio waliotumia masharti ya Mastercard kama hoja.

Najua msomaji wa Mombasa atasema: gemu za namna ile ziende zao. Kwa maudhui yenyewe sina ugomvi naye, na zilizosifu ukatili dhidi ya wanawake sizitetei. Ninachotaka akione ni utaratibu. Aliyeamua hapa hakuwa duka wala sheria ya nchi yoyote wala wachezaji. Alikuwa mwenye njia ya malipo, ambaye hana ofisi unayoweza kumpelekea rufaa. Nao ufagio wa itch.io ulikuwa mpana: ulificha kwanza kila kilichowekewa alama ya watu wazima, zikiwamo kazi zisizohusiana kabisa na malalamiko yale. Huo ni udhibiti, na tusiuite uteuzi.

Neno kwa wazazi

Kuna imani kwamba gemu ikiwa dukani imekaguliwa, kwa hiyo inamfaa mtoto. Haiko hivyo. Kwenye Google Play, tangu 2015, mtengenezaji hujaza maswali kuhusu kilichomo katika gemu yake, na mfumo uitwao IARC hutoa alama ya umri kutokana na majibu hayo. Alama ya 3+ au 12+ ni mwanzo mzuri, lakini imetokana na maelezo ya mwenye bidhaa. Nambari hiyo peke yake haikuambii kama kuna mazungumzo na wageni ndani ya gemu, wala haikuhakikishii kwamba mtoto hatashawishiwa kununua vitu. Google Play ina sehemu ya usimamizi wa wazazi ambako unaweza kuweka kikomo cha umri, na unaweza kutaka nywila kabla ya kila malipo. Iwashe kabla hujamkabidhi simu.

Unachoweza kufanya wewe

Meza ya mbele husikiliza, ila ina lugha yake. Kwenye Steam, nenda kwenye mapendeleo ya akaunti uondoe aina za gemu usizotaka kuoneshwa, na kila usiyoipenda iwekee alama ya kupuuza. Ukikutana na ya kitapeli, tumia kitufe cha kuripoti kilicho kwenye ukurasa wake. Na ukipenda gemu ndogo, andika maoni. Steam haitoi alama ya jumla mpaka gemu ifikishe maoni kumi ya watu walioinunua hapohapo dukani, kwa hiyo kwa mtengenezaji mdogo yale kumi ya mwanzo yana uzito ambao maoni ya elfu kumi ya gemu maarufu hayana.

Kwa wenye simu habari ni nzuri zaidi. Tangu Novemba 2021, nyota zinazoonekana kwenye Google Play huhesabiwa kwa kila nchi peke yake. Mchezaji wa Kenya huoneshwa wastani uliotolewa na Wakenya wenzake, hata kama gemu imepewa nyota na mamilioni ya watu kwingine. Gemu ambayo haijajulikana sana nchini inaweza kuwa na watu wachache tu waliowahi kuipa nyota hapa, na vijana wa baraza moja la Mji wa Kale wakiipima kwa haki na kueleza kwa Kiswahili kwamba ni ndogo, haili bando na inacheza vizuri kwenye simu ya kawaida, kila anayeifungua kutoka Kwale hadi Turkana ataona wastani waliouchangia, na huenda akayasoma maneno yao.